Msalaba wa Marehemu Uko Stoo Kwangu

Mpendwa mshauri Mama Asmahani, shikamoo. Naomba msaada wako, na usinionee huruma, kwa sababu nina hasira na watu wengi na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, naishi kijiji kimoja cha Uyui upande wa Kigwa, ni katibu wa kamati ya ule mradi wa serikali wa kukarabati nyumba za wazee wasiojiweza, na kila mnufaika ana faili lenye picha ya nyumba kabla ya kazi, picha baada ya kazi, na fomu ya kidole gumba kwamba amepokea nyumba ikiwa imekamilika. Nyumba namba kumi na nne ni ya Bibi Katarina, mjane, bati zake zilifika lakini mwenyekiti wetu, Wilbroad, akazipeleka kupaua nyumba ya shemeji yake Amon, akasema za bibi zitakuja awamu nyingine, mimi nikanyamaza, na bibi mpaka leo analala chini ya nyasi zilizooza, mvua ikinyesha anahamisha kitanda kutoka kona hii kwenda kona ile.

Sasa tumeambiwa wakaguzi wanakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi, Wilbroad akatuita kwenye maandalizi, na maandalizi yenyewe ni kupaka namba kumi na nne kwenye mlango wa Amon ili nyumba yake ipite kama ya bibi. Tatizo likawa picha ya kabla, maana bibi alipigwa amekaa mlangoni, na kando yake kuna kaburi la mume wake lenye msalaba wa mninga ulioandikwa RAYMUNDI kwa chuma cha moto, na tumesikia wakaguzi hawa wanatembea na picha mkononi wakilinganisha kitu kimoja kimoja. Wilbroad akasema basi na kaburi litengenezwe, tuchote udongo tuinue tuta pale kwa Amon, tupake mawe chokaa, msalaba ukae pale mpaka wakaguzi waondoke, na bibi apandishwe basi aende Choma kwa binti yake, faili liseme amesafiri.

Mama, kazi ya kung'oa nilipewa mimi kwa sababu mbwa wa bibi ananijua habweki, nikaenda Jumapili yeye yuko misani, nikaung'oa, nikaufunga kwenye kitenge, uko stoo kwangu nyuma ya magunia ya karanga.

Mchana ule ule bibi alikuja kwangu analia, si kwa mwingine, kwangu, akasema, "Mwanangu, wamemng'oa baba yenu. Choma siendi tena, nitamwachaje peke yake hana hata jina? Wewe unajua kalamu, niandikie barua ya polisi." Nikamwandikia, nimeandika kwa mkono wangu kwamba msalaba umeibwa na mtu asiyejulikana, na alipokuwa anaweka kidole nikamsogezea na ile fomu ya kupokea nyumba, nikamwambia, "Na hapa pia, bibi, hii ni nakala," akabonyeza, akanishukuru, kesho yake akaniletea asali kwenye chupa ya soda. Iko mezani, sijaigusa.

Nataka kusema, lakini Wilbroad ametutangazia kwamba atakayefungua mdomo atasababisha kijiji kifutwe kwenye mradi na wazee kumi na mmoja wanaosubiri wakose, na wa tatu kwenye orodha hiyo ni mama yangu mzazi. Nifanye nini?

Katibu, Uyui

*

Marahaba, ingawa nimeiitikia kwa shida. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Mwanangu, huna haya? Mwanamke amekukimbilia kulia msiba wake, na wewe umemshika kidole ukakibonyeza kwenye uongo! Wilbroad ni mwizi wa bati, tutamfikia, lakini ile "nakala" hukutumwa na mtu. Uliibuni mwenyewe, hapo hapo, machozi ya bibi yakiwa hayajakauka. Na huyo Wilbroad wako, mtu mzima, anatengeneza kaburi lisilo na maiti ili afaulu ukaguzi! Muda wa kuinua tuta na kupaka mawe chokaa ungetosha kuanza kuezua zile nyasi.

Najua unamwogopa. Najua na mama yako anavujiwa, na hilo linaniuma. Lakini umemuuliza kama yuko tayari kulala chini ya bati lililolipiwa kwa msalaba wa jirani yake? Nenda kamuulize, halafu umtazame usoni.

Sasa sikiliza. Leo, jua likiwa juu, toa msalaba stoo na uubebe bila kitenge, upite barabara kuu ya kijiji, kila mtu akuone. Fika kwa bibi, piga magoti, umwambie mambo yote mawili, la msalaba na la kidole. Usiseme "tulikosea." Sema "mimi." Akikufukuza, weka msalaba mahali pake ndipo uondoke. Asali umrudishie, na asipoipokea utainywa hivyo hivyo.

Ile fomu usiichane wala kuichoma. Nilikaa masjala ya halmashauri miaka ishirini na mmoja, nakwambia karatasi ya uongo iliyochanwa inamfaa Wilbroad peke yake. Andika juu yake: si kweli, bibi alidanganywa, nyumba haijaguswa. Weka jina lako, sahihi na tarehe. Andika barua kwa mkurugenzi kabla wakaguzi hawajafika, useme bati ziko juu ya nyumba ya nani, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako. Kisha pita polisi uwaambie yule mtu asiyejulikana ni wewe.

Kuhusu wale kumi na mmoja, sitakudanganya, wanaweza kucheleweshwa. Lakini kumbuka Wilbroad anaogopa nini. Wakaguzi wanakuja kutafuta bati za Bibi Katarina, na yeye anataka wasizipate. Hao kumi na mmoja amewashika kama ngao, na zikija bati zao bila mtu kusema, shemeji zake bado wapo. Wewe utapoteza ukatibu, pengine na zaidi. Upoteze.

Alhamisi ikifika, usiende kwa Amon. Kaa na bibi mlangoni pake, kama bado atakubali ukae. Wakaguzi watakuja na ile picha ya kabla, watainyanyua wailinganishe na nyumba, na kila kitu kitafanana: ukuta ule ule, nyasi zile zile, bibi yule yule, na msalaba wa mume wake umesimama mahali pake. Watauliza kwa nini hakuna kilichobadilika. Simama uwajibu.