Sauti ya Mwenye Eda

Jumatatu, 4 Juni 1956

Vitumbua vimeisha kabla ya saa mbili. Wapagazi wa sokoni wamevimaliza, mmoja akalalamika kuwa iliki imepungua. Iliki haijapungua. Ulimi wake ndio umezoea.

Koo linawasha tangu juzi. Nimesukutua maji ya chumvi. Saa nne nyumba ikatulia, nikafanya mazoezi ya wimbo wa harusi ya tarehe 30. Pale unapopanda katikati nikakwama. Nikarudia, nikakwama. Mara ya tatu nikaacha na kwenda kusugua sufuria kwa hasira. Miaka kumi na mmoja mimi ndiye mwimbaji wa kwanza wa chama chetu cha taarabu, na wimbo nimeutunga mwenyewe.

Jumatano, 6 Juni

Jambo la ajabu.

Nilikuwa napembua mchele. Chumba cha pili kikaanza kuimba. Kuta za nyumba hii hazifiki juu, mtu akikoroga chai unamsikia. Wimbo ulikuwa wangu, ule ule wa harusi. Amekuwa akinisikia nikifanya mazoezi.

Ni Zuhura. Mjane wa Kilwa, hajafika miaka ishirini na mitano. Mumewe alikuwa hamali bandarini, alifariki siku chache kabla ya Ramadhani. Zuhura yuko edani: nguo nyeupe, hatoki nje, hajipaki hata mafuta yenye harufu. Mama mkwe wake, Bi Hadija, anakaa chumba cha mbele na anamlinda kama polisi. Zuhura alikuwa akimbembeleza binti yake, Kibibi, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Pale ninapokwama mimi, yeye alipita tu. Kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Nimechukia. Naandika ukweli. Nimechukia mpaka mchele ukanimwagika.

Alhamisi, 7 Juni

Leo tena. Nimeacha kazi zangu, nikakaa sakafuni, mgongo ukutani. Nimewasikia waimbaji wa Tanga. Nimewasikia wa Unguja, na wale wa Misri kwenye santuri za mkahawani. Wengine wana sauti kubwa, wengine wana madoido. Huyu hana madoido. Neno analitoa likiwa limeiva. Akimaliza mstari unatamani kumwambia asubiri, usije ukaharibika na unaofuata.

Mazoezi ya chama jioni. Sauti yangu ilipasuka mara mbili. Bi Kidawa, mkuu wetu, akanitazama, akatazama pembeni. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 12 Juni

Nimeongea naye kupitia ukutani. Nikamsifu kidogo, kama mtu anayemsifu jirani kwa mchuzi. Alishtuka. Akasema, "Shikamoo, da Mwajuma. Nisamehe. Usimwambie mama, nakuomba." Nikamwambia mimi ni kaburi.

Tangu hapo anaimba nikiwa peke yangu tu. Kwanza anauliza. "Uko peke yako, dada?" Nikisema ndiyo, anaanza.

Sili vizuri. Nalala na wimbo wangu ukiwa kichwani kwa sauti ya mtu mwingine.

Ijumaa, 15 Juni

Nimemwambia Bi Kidawa.

Nilisema mimi ni kaburi, na siku tatu hazijaisha. Nimejitetea moyoni kuwa ni kwa ajili ya chama: eda ikiisha tutampata mwimbaji. Uongo mtupu. Nataka Bi Kidawa asikie, akunje midomo yake ile, aseme ni sauti ya kawaida, Mwajuma, umezidisha. Nikisikia hivyo nitapona.

Jumapili kuna mkutano wa siasa Mnazi Mmoja. Nyumba nzima itakwenda, hata Bi Hadija. Bi Kidawa atapitia mlango wa uani, ndala mkononi.

Jumapili, 17 Juni

Sitaki kuandika haya. Naandika hivyo hivyo.

Bi Kidawa alikaa kitandani kwangu kimya. Nilifunga mlango kwa komeo. Zuhura akauliza, "Uko peke yako, dada?" Nikasema ndiyo. Nyumba tupu, nikamwambia, wote wako Mnazi Mmoja, leo toa sauti yote.

Akaitoa.

Sijui nieleze vipi. Alipofika pale pa kupanda hakupanda kwa nguvu. Alipunguza. Sauti ikawa nyembamba, ikaenda juu peke yake, ikakaa pale. Bi Kidawa alishika kifua. Na mimi, mimi niliyemwita mtu aje amdharau, mdomo wangu ukafunguka. Nikapiga kigelegele. Kirefu, cha ukumbini, cha bibi harusi. Sikukusudia. Nilikisikia kikitoka nikashangaa ni cha nani.

Kigelegele kwenye nyumba ya msiba. Karibu na mwenye eda.

Na Bi Hadija alikuwa amerudi kuchukua mwavuli wake.

Nilimsikia ukumbini, kisha mlango wa chumba cha pili. "Unashangilia! Mwanangu hajakauka udongo, wewe unashangilia!" Zuhura alisema mara moja tu: "Si mimi, mama." Hakusema ni nani. Angenitaja mimi, angeulizwa ni kitu gani kilichopigiwa kigelegele. Mtoto analia. Bi Hadija analia. Mimi na Bi Kidawa tumekaa kama magunia, hatupumui.

Baadaye Bi Hadija akaniuliza kama nimesikia chochote. Nikasema nilikuwa mkutanoni.

Jumanne, 19 Juni

Mtaa mzima unajua. Vitumbuani hawaongei jambo jingine. Mjane wa Kilwa apiga kigelegele ndani ya eda, labda ana mtu, labda alimlisha kitu marehemu. Nageuza vitumbua, nasikiliza, nanyamaza. Kimoja nimekiunguza.

Chumba cha pili hakuna sauti. Hata mtoto anabembelezwa kwa kupigwapigwa mgongo tu.

Alhamisi, 21 Juni

Bi Hadija amemwita kaka yake, Mzee Salehe wa Ilala. Jumapili watakaa. Amekwisha sema anachotaka: Zuhura arudishwe Kilwa kabla eda haijaisha, na Kibibi abaki hapa na bibi yake. Hawezi, anasema, kumwachia damu ya mwanawe mwanamke wa namna hiyo.

Nilimwendea Bi Kidawa. Nilidhani atanishauri niseme. Akasema, "Ukisema wewe, na mimi nimo. Na wenye harusi wakisikia, Jumamosi ile hatuitwi. Ataondoka, watu watasahau." Halafu akaongeza kuwa mimi sijapata kusikia sauti kama ile, na yeye hajapata. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Jambo baya kuliko yote ni hili: njiani kurudi niliwaza kuwa akienda Kilwa, mimi nabaki wa kwanza. Nilisimama katikati ya Mtaa wa Mchikichi, mkokoteni ukanipigia kelele.

Jumamosi, 23 Juni

Kupitia ukutani leo: anakunja nguo za mtoto. Unajua mtu anakunja nguo kwa namna anavyozikung'uta. Alikuwa anazikunja moja moja, anazinusa. Nilisikia pumzi.

Sikuweza kukaa. Nimekwenda kibarazani, nimerudi. Nimekwenda uani, nimerudi.

Jumapili, 24 Juni

Nimekwenda Ilala mapema kwa miguu, kabla Mzee Salehe hajatoka. Bi Hadija alikuwa ameshafika. Nikakaa chini mkekani.

Nikasema kigelegele ni changu.

Bi Hadija alisema, "Ulisema ulikuwa mkutanoni." Nikasema nilidanganya.

Mzee akaniuliza kwa nini nilipiga. Hapo ndipo niliposhikwa. Nikisema sababu, nimemsema Zuhura kuwa alikuwa akiimba wimbo wa harusi ndani ya eda, na hapo nitakuwa nimemzamisha kwa mkono wa pili. Nikasema, "Nilipitiwa, mzee. Ni utani wa kijinga." Akasema mtu mzima kumtania mjane namna ile ni aibu. Nikasema ndiyo. Bi Hadija ameniita mchokozi, mwenye kijicho, mgumba asiyejua uchungu wa mtoto. Hilo la mwisho limeingia. Nikasema ndiyo, nisameheni.

Mzee ameamua: Zuhura habanduki. Atamaliza eda yake pale pale, na Kibibi atakaa na mama yake.

Jina la Bi Kidawa sikulitaja.

Jumanne, 26 Juni

Bi Kidawa amekuja mwenyewe. Mwimbaji anayemcheka mwenye eda hawezi kusimama mbele ya bibi harusi, watu watasema. Ataimba binti wa Gerezani. Alishindwa kunitazama aliposema, na aliondoka bila kunywa uji niliomwekea.

Yeye anajua. Alikuwepo. Na bado.

Wapagazi wanakula kimya. Wawili wamehamia kwa mama wa mihogo.

Jumamosi, 30 Juni

Harusi leo. Ngoma zinasikika mpaka hapa. Nimeshona mkeka.

Jumatano, 18 Julai

Sikukuu kubwa karibu. Koo limepona kabisa. Naimba chini chini nikiosha vyombo, pale pa kupanda napunguza kama alivyopunguza yeye. Inakaribia, lakini si yenyewe. Sina kijicho tena, au kimechoka. Ninachotamani sasa ni kusikia tu.

Chumba cha pili kimya. Wiki ya tano. Ukutani akipita nasikia ndala zake zinaharakisha.

Alhamisi, 16 Agosti

Eda imeisha. Wamemwogesha alfajiri, wakamvika kanga mpya. Bi Hadija alitoka naye mpaka barazani, kamshika mkono, mtoto kiunoni. Wanawake wa nyumba walikwenda kumpa mkono. Mimi nilibaki uani na karai langu. Hakuna aliyeniita, na sikutegemea.

Jumamosi, 18 Agosti

Zuhura amekuja mlangoni kwangu saa kumi. Mara ya kwanza kuuona uso wake kwa karibu. Ana mwanya. Sauti yote ile, na sikujua kuwa ana mwanya.

Alinisalimia, nikaitikia. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mtoto akishika vitu vyangu. Hakulaumu. Aliuliza jambo moja, akitazama sakafu: siku ile nilikuwa namcheka? Maana mtaa mzima umesema namcheka, na mama mkwe amesema, na yeye amekaa nalo miezi miwili akiwaza alikosea wapi kwenye wimbo.

Nikamwambia hakukosea popote. Nikamwambia kilinitoka chenyewe, na kwamba tangu nizaliwe sijapata kumpigia mtu kigelegele cha kweli isipokuwa siku ile. Nikamwambia pia kuwa sikuwa peke yangu chumbani, na nani alikuwepo, na kwa nini nilimleta. Yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka akayafuta kwa upindo wa kanga.

Sikumwambia habari ya kuja kuimba chamani. Sina haki hiyo.

Kisha akauliza ubeti wa tatu unaanzaje, kwani mimi huumeza, kupitia ukutani hajawahi kuusikia vizuri. Nikamtamkia: ninalo langu moyoni, neno sijalitamka. Akaurudia polepole, mara mbili, kwa kusema tu, bila kuimba, huku Kibibi akivuta kitasa cha sanduku langu.

Kisha akambeba mtoto, akaenda chumbani kwake.