Kaseti ya Namba na Sindano ya Debora

Likasi, Alhamisi, mvua imekatika saa hii

Yaya, mukubwa wangu, unisamehe. Kaye hii, daftari hili, ulinipa ili niandike maisha yetu kama ninavyokuongelesha, nikipata mutu wa kwenda Lubumbashi nikupelekee kurasa. Na mimi nimeiacha chini ya nguo za mutoto mpaka panya wakaonja pembe yake. Si uvivu. Debora anaota meno, Baba Debora anazunguka kutafuta kibarua, na mimi kutwa niko sokoni na ndakala zangu, samaki wadogo wa kukausha. Nikifika nyumbani mukono unakataa kalamu.

Leo mvua imenizuia kwenda sokoni. Debora amelala. Mukono wake umevimba kidogo mahali sindano ilipoingia. Niandike kabla hajaamka, maana sindano hiyo tulikuwa karibu kuikosa kwa sababu ya kaseti.

Jumapili, ibada ilipokwisha, pasta alisema mutu asiende kula kwanza. Kuna ndugu ametoka Zambia na kaseti ya video. Wakaleta televizyo, wakawasha gurupe ya umeme nyuma ya kanisa, wakafunika madirisha kwa vitenge. Si sinema ya kuigiza, walisema, ni mambo ya kweli: namna dini, serikali na mali ya dunia vinapikwa katika chungu kimoja na watu wachache ambao hatuwaoni. Ilikuwa kwa Kingereza. Basi frère Anaclet, ndugu wa kanisa anayefundisha shule ya msingi, akasimama kando ya televizyo na fimbo yake ya darasani ili atutafsirie.

Kingereza cha frère Anaclet ni cha kununulia sabuni Kitwe, kule Zambia. Mutu wa kaseti akisema maneno mengi, frère alisema moja. Mutu akisema moja, frère alihubiri mpaka mabenchi yakatoka jasho.

Tuliona marais wanapeana mikono. Tuliona maaskofu na mapete yao. Frère akagonga kioo kwa fimbo.

“Muangalie kidole ya gumba. Banasalimiana na gumba. Iyo njo alama yabo.”

Nyuma yangu Mama Kalonji, jirani yetu, akanongʼona: “Hata bwana yangu anasalimiaka vile. Ye iko na kidonda tu.”

Tulicheka ndani ya vitambaa vyetu. Lakini mwishoni ikaja sehemu ya namba, na hapo hakuna aliyecheka. Kila mutu duniani atapewa namba tangu utoto, na mwenye kupokea namba amejiuza kwa Mnyama.

“Bataanza na batoto,” frère alisema. “Kule ku dispansere.”

Sijui kama mutu wa kaseti alisema neno dispansere. Ninafikiri hakulisema.

Lakini nikubali, niliogopa. Nilipofika nyumbani niligeuza mukebe wa maziwa, ile mistari yake myeusi yenye namba iangalie ukuta. Debora alikunywa vizuri tu.

Usitucheke sana, yaya. Sisi tuliona wakubwa wakikaa mahali fulani wakapanga, na asubuhi mama na wajomba wako stesheni na magodoro kichwani, wanaambiwa warudi Kasai, nchi ya mababu, hata wale ambao hawajaikanyaga. Tulizaliwa na moshi wa usine, kiwanda cha kampani, leo ndege wanajenga ndani ya bomba lake. Mutu akikuambia yote haya yalipangwa na watu fulani, moyo unapumzika kidogo. Adui unaweza kumuombea mabaya. Kutojua, utakuombea nini?

Ndiyo maana sikumukasirikia Baba Debora, hapo mwanzo.

Unamujua. Siku zile za stesheni, yeye mutoto wa hapa hapa alichukua kiti akakaa mulangoni, akasema anayenitaka mimi, bibi yake, aanze na yeye. Alikaa hapo hata mvua ikimupiga. Mutu kama huyo akiogopa kitu kwa ajili ya mutoto wake, haumupigii kelele.

Ila Jumatatu nilitafuta kadi ya Debora ya kupimia uzito, ile yenye namba juu, sikuiona. Na surua imeingia avenyu yetu. Nyumba ya tatu wamezika mutoto wa kutambaa. Dispansere ilikuwa imesema sindano ni Alhamisi.

Jumanne tukiwa tunakula nikamuuliza.

“Kadi ya mutoto iko fasi gani?”

“Mama Debora, uache ile maneno.”

“Minye nitaacha. Surua haiachake.”

“Namba ile nani alimupa? Uliuliza? Mutoto yangu hawatamuandika mu kitabu ya Mnyama.”

“Na weye?”

“Minye nini?”

“Matrikile yako.”

Wewe unajua kampani ilivyokuwa, jina lilikuja nyuma ya matrikile, ile namba ya mufanyakazi. Posho kwa matrikile, hospitali kwa matrikile, na wanaume wakitaniana kwenye pombe ilikuwa matrikile. Alipokuja kuniomba kwa baba, alisimama wima akataja namba yake kwanza, jina baadaye. Baba naye akamujibu kwa namba yake fupi, ya wale wa zamani sana, akacheka, akamuonyesha kiti: “Kijana, namba yako ndefu sawa treni. Lakini ikala.” Hivyo ndivyo walivyosalimiana mpaka baba alipofariki. Na ni Baba Debora aliyechukua brosi akaandika namba ile kwenye musalaba, chini ya jina, ili wazee wenzake walioko huko wamutambue.

Nilisema polepole, sikupandisha sauti.

“Muzee iko ku makaburi na namba ku musalaba. Ni weye njo uliandika. Sasa uniambie, muzee iko fasi gani?”

Tonge la bukari likabaki mukononi mwake. Akalirudisha kwenye sahani, akatoka inje.

Yaya, niliumia. Nilijua nimemugusa palipo laini. Lakini neno sikulirudisha. Debora hajui kusema, nani mwingine atamusemea?

Jana aliporudi alishusha kofia yake ngumu ya kazi, ile ambayo siku hizi inakaa juu ya kabati bila kazi. Akavuta kitambaa cha ndani, akatoa kadi, akaiweka mezani mbele yangu.

“Muzee haiko mu moto,” akasema. “Ile kaseti haikumujua muzee.”

Kisha akaongeza: “Lakini minye mwenyewe nitamupeleka. Niko na mambo ya kuuliza.”

Leo akamubeba Debora mbele ya kifua, mimi nyuma na mwavuli. Kwenye benchi la dispansere walikuwa wanawake peke yao.

“Baba, maziwa yako iko wapi?” mumoja akamuuliza.

“Nimeiacha ku nyumba, mama, inafuata nyuma na mwavuli.”

Benchi lote likacheka, hata mimi. Bibi ya frère Anaclet alikuwa pembeni na mapacha wake. Aliponiona akaangalia miguu yake. Nilimusogelea tu ili wa nyuma wapate nafasi, nikamuuliza mapacha wanakula vizuri.

Zamu yetu ikafika mbele ya mama wa sindano. Baba Debora hakukaa.

“Mama munganga, namba iyi inatokaka kwa nani?”

“Ni minye, baba, na bic yangu,” yule mama akasema akiandika, hata hakuinua kichwa. “Leo batoto ba jina Debora ziko ine hapa. Bila namba nitachoma moja mara mbili, na ingine itaenda bure.”

“Ine?”

“Na Samueli ziko tano.”

Akageuka akawaangalia wale watoto wote kwenye benchi, mumoja mumoja. Kisha akakaa, akamushika Debora mukono yeye mwenyewe. Alifunga macho kabla sindano haijafika. Debora alilia.

Njiani tulikutana na polisi anayetufahamu. Baba Debora akamusalimia kwa kiganja wazi, gumba ameliinua mbali kabisa. Hilo nimemuachia. Wale watu wa nyuma ya pazia awe nao, awachunge anavyotaka, mradi habari ya mwili wa mutoto tuiongee wawili mezani.

Tulipofika nyumbani mikono ya Baba Debora ilikuwa imekufa ganzi kwa kubeba. Nikamwambia mutoto hubebwa mugongoni. Akasema hakuna mwanaume anayefanya vile Likasi. Kisha akauliza inafungwa namna gani.

Dereva wa taxi-bus anayepitia Kapolowe atachukua kurasa hizi kesho. Akirudi, yaya, umupe vitu hivi, kama unaweza: dawa ya homa ya mutoto, ile ya kukata nusu, sabuni vipande viwili, chumvi, mafuta ya kumupaka Debora, kikopo kidogo, na kitenge cha kubebea, kizito, rangi ya bluu au kahawia. Kisiwe na maua. Ni cha Baba Debora.