Manyoya Huvaliwa Ndani

Baraka mjukuu wangu,

Huku Voi tu wazima, na bibi yako bado ananigombeza kila asubuhi. Umeniuliza kama sare ya ulinzi huko Doha itakugeuza mtu mwingine.

Ujanani nikiwa baharia, tulitia nanga kusini kabisa mwa Ajentina. Mama mzee wa kabila la Watehuelche aliniona nikitetemeka kwa baridi, akanipa joho la ngozi. Nikalivaa manyoya nje, nionekane bwana. Alicheka, akaligeuza manyoya yawe ndani.

Mpishi wetu akanitafsiria maneno yake: zama za Wahispania, chifu wa kabila lake alipewa nao koti jekundu. Alilivaa kila walipomwita. Wakadhani wamempata, kumbe chini ya koti manyoya ya joho lake yaligusa kifua chake kama siku zote.

Nasikia viyoyozi vya huko ni vikali. Bibi yako amekufumia sweta. Ivae ndani ya sare.

Babu yako