Kabichi Zilizoninyima Ruhusa

Bomani, Mpwapwa

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mwambie mwalimu wa chuoni akusomee polepole, asirukeruke, maana habari zenyewe si nzuri. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nilikuambia nitafika Pangani kabla ya mfungo tumalize mambo ya ndoa yangu na Zaina, kama baba yake alivyotaka. Mama, siji. Bwana Mkubwa wa boma aliniahidi ruhusa siku kabichi zake ninazomtunzia bustanini zitakapofunga vichwa. Nikajituma wee! Huku mvua ikikata imekata, na ardhi inakuwa ngumu kama kigae. Jirani yetu Mgogo, Mama Chiduo, akaniletea samadi kutoka zizini kwake. Nikachimba mashimo, nikaifukia, nikafunika juu kwa mabua ya uwele ili unyevu usikimbie. Maji nayachota kwenye visima vya mchanga, kule korongoni. Hata maji aliyoogea Bwana nayamwaga kwenye bilinganya zake, ili ya kisimani yabaki kwa kabichi.

Basi zikafunga, mama, kubwa ajabu! Wazungu wapita njia wanakuja kuzitazama. Nikaenda kuomba ruhusa yangu, nimejaa furaha. Bwana akacheka.

"Ukiondoka wewe, nani atazitunza? Utakaa."

Askari wa mlangoni wameshaambiwa nisipite na mzigo.

Nikasema potelea mbali, zife! Asubuhi ile sikumwagilia. Mama Chiduo alipoona majani yamelegea akanishika mkono.

"We Mswahili, una wazimu? Zikifa utachapwa viboko, halafu utaambiwa upande nyingine."

Nikaona ni kweli. Zikistawi nimefungwa, zikifa nimefungwa. Nikachukua ndoo nikashuka korongoni, nalia njia nzima, wala sikuona haya.

Sasa mama, nenda kwa baba yake Zaina, umwambie asimzuie binti kwa ajili yangu. Akitokea mtu, aolewe. Ila nakuomba sana, asiwe yule Kombo wa duka la tende! Yule hapana kabisa.

Nisalimie kaka Hamisi na mkewe, na shangazi Mwanaidi anayekupikia uji, na majirani wote wanaoniulizia. Zaina usimpe salamu zangu. Akizipata atanisubiri.

Ni mimi mwanao,
Athumani