Utani Ulioukataa Mkutanoni

Kaka Gervas,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Siku barua yako ilipofika, baba aliniita nimsomee, maana siku hizi unatuandikia nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Nilipofika pale unapoeleza jinsi Rajabu alivyokutukana mbele ya mkutano wa umoja wa wanafunzi huko chuoni, ng'ambo ya ziwa, nilibanwa na kicheko. Nikasingizia kikohozi, nikakimbilia jikoni, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Usikasirike kwanza. Nisome mpaka mwisho.

Uliandika kwamba mmegawanyika kwa sababu ya chakula kibovu cha bwalo. Wewe na wenzako mlitaka kumpelekea mkuu wa chuo malalamiko kwa maandishi. Rajabu na wenzake walitaka mgomo, mtu asiguse sahani. Ukasimama na tai yako, ukaanza kusema Kiingereza, naye akapaza sauti kutoka nyuma kwa Kiswahili: "Kaa chini, mtumwa wangu! Babu yako tulimnunua kwa kikapu cha dagaa, leo wewe ndiye wa kutuchagulia chakula?"

Kaka, si ndiyo maneno yetu ya siku zote hayo? Watu wa Ikola, kwao Rajabu, ni watani wetu tangu enzi za babu. Siku mnaondoka, pale stesheni ya Mpanda, Rajabu aliwatangazia abiria kwamba anasafiri na mtumwa wake, wamwonee huruma hajawahi kuona treni. Ukamjibu, "Jamani, behewa likinuka samaki msihangaike kupekua mizigo. Muulizeni huyu." Hata baba yake, Mzee Ramadhani, alishika mbavu. Mkapanda mmeshikana mikono.

Mkutanoni hukumjibu. Uliandika, tena kwa fahari, kwamba ulinyamaza, kisha ukamtaka mwenyekiti aliandike tusi lile kwenye kumbukumbu na Rajabu atolewe kwenye kamati. Akatolewa. Wenzake wakatoka pamoja naye, na sasa kuna pande mbili, kila upande na meza zake bwaloni, hata salamu hakuna. Wale vijana wa Kenya na Uganda siwalaumu. Walipotafsiriwa, waliona tusi. Lakini wewe ulijua. Labda uliona aibu mbele ya wageni. Aibu naijua, mimi ninayejificha nyuma ya mlango watu wakibisha hodi. Ila nilifikiri wewe huna.

Mwisho wa barua ulimwomba baba asishirikiane tena na watu wa Ikola. Baba anakusikiliza mno, kaka. Wewe ndiye msomi wake. Bibi alipofariki wakati wa masika, hakutuma mtu Ikola. Tukamzika bila watani. Hakuna aliyejifunga khanga yake akaigiza anavyofukuza kuku kwa mkongojo. Hakuna aliyeruka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Tulilia, tukarudi nyumbani, basi. Bibi yule aliyependa kucheka.

Kisha Mzee Ramadhani akasikia. Alikuja hapa kwetu Litapunga kwa lori, kikapu cha dagaa kichwani, anafoka tangu njiani: "Nani kawapa ruhusa ya kumzika mke wangu bila mimi? Wezi nyie! Mfukueni nimwone!"

Nikamtazama baba. Baba akamvutia kiti. "Karibu, mzee wangu," akasema. "Pole na safari."

Mzee hakukaa. Alisimama pale na kikapu chake. Angetukanwa angekaa mpaka jioni. Kwa adabu ile alilia, kaka, mtu mzima yule. Akatua kikapu chini, akaondoka.

Mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina nanong'ona, nilimkimbilia mpaka barabarani, nikapiga kelele: "Wewe mzee! Dagaa wako wana mchanga! Bibi alisema bora afe kuliko kuwala tena!"

Akageuka. "Kumbe mtumwa wangu mmoja bado yuko hai," akasema, akaanza kucheka na machozi yake yakiwa bado yanashuka. Halafu akaniuliza, "Na yule mkubwa wenu, huko aliko wamemkata ulimi?"

Nikamwambia nitakuandikia.

Sijui kama mgomo ndio sawa au malalamiko ndiyo sawa. Huenda upande wako una haki. Pinganeni tu, hata mwaka mzima. Lakini likizo inakuja, na nyie wawili mtarudi kwa meli moja na treni moja mpaka Mpanda. Nakuomba umjibu Rajabu. Umechelewa, najua. Mwambie chochote kuhusu samaki, ataelewa. Mzee Ramadhani amechoka siku hizi, na akifa, sijui nani kutoka kwetu atathubutu kwenda Ikola kuruka kwenye kaburi lake.

Nasikia miguu ya baba uani. Karatasi hii nimekuwa nikiisukuma chini ya mkeka kila akipita. Sasa anakohoa, yuko mlangoni. Leo siifichi. Naiacha mezani, maandishi yakiwa juu. Nimeiandika yote kwa Kiswahili; hahitaji mtu wa kumsomea.

Uje salama, mtu wa tai.

Mdogo wako,
mtumwa wa Ikola aliyebaki