Geti Lililongoja Simu Iliyoko Njia ya Merti

Mpendwa Shangazi Roda, salaam aleikum, naomba unisaidie kabla mume wangu hajaondoka tena, maana nimebeba jambo kifuani.

Sisi tunakaa Chechelesi. Baba Ridwan ana lori, anapeleka vyakula Merti, na alifunga mitambo nyumbani, yaani geti, taa na pampu ya maji zote zinaendeshwa kwa simu, na simu ni yake peke yake, na ufunguo wa mkono wa geti nao unakaa kwa lori, na hilo linampa raha sana, jamaa wakitokea Korbesa bila taarifa yeye anawafungulia akiwa huko mbali, anasema mgeni wangu hangoji nje. Sasa mwezi uliopita akiwa safarini simu ikamwambia programu ya nyumba inataka apdeti, akabonyeza kubali, akaendelea na safari, na mbele kidogo network ikakatika kama kawaida ya ile barabara, na nyumba nayo ikajizima, ikawaka tena, ikabaki inangoja simu yake iithibitishe ndiyo geti lifunguke.

Mimi nilikuwa dukani. Ndani alikuwa mama yake, tunamwita Hooyo, ana sukari na macho yamefifia, ameshadungwa insulini, anangoja nimletee chakula. Nikafika, geti limekataa, napigia mume hapatikani, na kwa ndani nasikia Hooyo amejikokota mpaka getini anaita, "Dualeh, fungua! Dualeh mwanangu, fungua!" kwa sababu amezoea ni mwanawe anayefungua hata akiwa mbali, halafu akanyamaza. Wallahi, kule kunyamaza. Majirani wakaruka ukuta, wakamkuta chini, sukari imeshuka kwa kukosa chakula. Alipona, alhamdulillahi, lakini siku hizi anashinda ameketi getini na likifungwa analia.

Mume aliporudi nikamwambia stima ilipotea, Hooyo akaugua, nikaishia hapo. Sikutaka ajue kwamba aliitwa. Lakini fundi wetu Farhiya aliangalia mitambo akanieleza ukweli, kwamba ni ile apdeti ya njiani iliyofunga geti, na sasa apdeti nyingine imekuja, Farhiya anasema tukiiacha wezi wanaweza kuingilia mtandaoni wafungue geti, na mume anasema ataibonyeza akipata nafasi njiani. Njiani, Shangazi! Farhiya yuko tayari kuiunganisha simu yangu kwa siri. Nikubali?

Mama Ridwan, Chechelesi

Shangazi Roda anajibu:

Mama Ridwan, pole. Pole sana, na Hooyo mfikishie pole yangu. Nimesoma barua yako nikaweka chai chini.

Sasa nikugombeze. Ulimficha mumeo ili asiumie, na kwa kutojua anataka kurudia kosa lile lile. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio kilishafika mpaka getini. Siri ya pili juu ya hiyo ya kwanza sikubali. Mwambie Farhiya asante, lakini simu yako iunganishwe mchana kweupe, mumeo akiona. Na yeye Baba Ridwan, jameni! Ukarimu wa kufungulia wageni akiwa huko Merti ni mzuri, lakini ufunguo wa nyumba unafanya nini kwa lori?

Apdeti si adui, na kuikataa ni kuwaachia wezi mlango. Iwekeni, lakini asubuhi, nyote wawili mkiwa nyumbani na Farhiya akiwepo, stima ikiwa imetulia na betri ya mitambo imejaa. Kwanza Farhiya ahifadhi nakala ya mipangilio ya sasa, ili mambo yakiharibika mrudi mlikotoka. Jazeni tanki la maji. Geti lifungueni kwa ufunguo wa mkono mliwekee jiwe lisijifunge, na Hooyo awe ameshakula. Mkimaliza jaribuni geti, taa, pampu, kila kitu, kabla ya yeyote kutoka. Kutoka hapo asibonyeze kubali akiwa barabarani, hata simu imsumbue namna gani. Na fundi wa makufuli awachongee funguo zingine: wako, wa jirani, na mmoja Hooyo avae shingoni.

Lakini hayo yote yanangoja neno lako. Usimwambie kwa simu, wala akiwa ameshapanda lori. Mketishe pale getini kando ya mama yake, umwambie, "Siku ile Hooyo alikuita wewe." Ataumia. Mwache aumie. Kisha lifungeni geti, Hooyo amwite tena kwa jina lake, na Dualeh asimame alifungue kwa mkono wake.