Tangazo la Tatu

Ludlow, 9 Aprili 1956

Shikamoo Shangazi Enid,

Mguu wako unaendeleaje? Mimi mzima, ila kichwa kinanizunguka. Jana kasisi alitangaza ndoa yetu kanisani, mara ya kwanza kati ya tatu. Jioni Wilf akaniambia, "Hester, mapenzi yameniisha, sijui yamekwenda wapi. Lakini nilikuahidi. Nitakuoa." Nikamwambia aache utani. Hakuwa anatania! Akaendelea kula pai yake.

Siku ya arusi ataapa kunipa "troth" yake. Kasisi anasema ni neno la kale la ukweli. Ukweli gani, na hanipendi? Wewe umefundisha Kiingereza cha kale miaka yote hiyo, hebu nieleze. Nimwache au nimshukuru?

Mwanao,
Hester

Durham, 16 Aprili

Mwanangu Hester,

Marahaba. Mguu bado mkorofi. Barua yako imenichanganya hadi chai ikapoa.

Wazee wetu walikuwa na maneno mawili ya ukweli. "Sooth" lina asili moja na kitenzi cha "kuwa": ni jambo lilivyo, upende usipende. "Troth" wataalamu wengi wanalihusisha na mti, kitu imara kisichoyumba. Lilimaanisha uaminifu kwanza, kusema kweli kukafuata baadaye. Basi Wilf amekupa la kwanza mezani, la pili atakupa kanisani. Wengine hawatoi hata moja!

Marehemu mama yako angesema olewa. Mimi sijui, na inaniuma kutojua. Mwulize anasimama imara kwa ajili yako au kwa kuogopa watu.

Shangazi yako,
Enid

Ludlow, 22 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nilimwuliza Wilf. Akajibu, "Vyote viwili, nadhani."

Leo lilikuwa tangazo la tatu. Kasisi akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikasikia mtu anasema, "Mimi ninalo." Kumbe ni mimi! Bi Pugh, aliyeketi kando yangu, akaangusha kitabu cha nyimbo.

"Hester," kasisi akasema, "si wewe ndiye bibi arusi?"

"Ndiyo maana," nikamjibu. Nikasema mbele ya wote kwamba namrudishia Wilf ahadi yake.

Alinifuata nje. Nilidhani atanifokea. Akanishukuru, kisha akalia, tukatembea pamoja hadi mtoni. Nampenda, Shangazi, nampenda mno, na nimemwacha.

Tuliporudi mlangoni kwangu akaniuliza kama anaweza kuja kunitembelea Alhamisi. Tangu anivike pete hajawahi kuuliza, alikuwa anakuja tu. Nimjibu nini?

Mwanao,
Hester